Mwako Katika Mkono wa Mpika Haluwa

Mtoto wa kaka yangu, Raya, anasoma uuguzi mwaka wa pili. Juzi alikuja kunitazama hapa Mbweni, akakaa barazani akanisomea dalili za mwako wa mwili kama mtoto wa chuoni anayesikilizwa sura: wekundu, joto, uvimbe, maumivu, na kiungo kushindwa kazi yake. Hakukosea hata moja. Nikamuuliza, "Na huo mwako unakuja kufanya nini?"

Akatazama kikombe chake cha chai. "Unakuja kwa sababu pameumia, shangazi."

Jawabu si kosa, lakini halimsaidii mtu aliyeungua. Basi haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake, nyinyi mnaoanza kushika mkasi na bendeji sasa. Mimi ni Zuwena. Nimefunga vidonda vya watu maisha yangu yote ya kazi, katika chumba kimoja cha spitali hapa mjini, mpaka nilipostaafu. Vidonda vingi nshavisahau. Mkono wa Bwana Nassor sijausahau, maana ulinionesha safari yote, tangu kuungua mpaka kupona, pamoja na mahali pote ambapo safari hiyo inaweza kukwama.

Kwanza niseme kidogo juu ya aliyenifundisha. Bi Mosi alikuwa mtu wa Makunduchi, mwembamba, mkali wa macho, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba chetu nilipoingia. Alikuwa akitusimamisha mbele ya kidonda mikono tumeifunga mgongoni. "Tizameni kwanza," atasema. "Nusa. Muulize mwenyewe kalala vipi. Mkono utakuja baadaye." Sisi wasichana tulikuwa na haraka ya kushika vyombo, tukacheka kwa siri kuwa Bi Mosi anatufundisha gwaride. Alipoondoka kazini, mimi nikawa ndiye ninayewaambia wengine wafunge mikono mgongoni, na nikawasikia wakicheka.

Sasa Bwana Nassor. Alikuwa mpika haluwa. Duka lao liko kichochoroni, mtaa wa Malindi hapa mjini, jiko kwa nyuma, na ukoo wao umepika hapo tangu babu yao aliyetoka Manga, nchi ya Waarabu. Watu wakila haluwa hudhani ni sukari tu na zafarani. Hawajui kuwa ni kazi ya mabega. Sufuria ni la shaba, kubwa, na mwiko ni mrefu kama kasia. Wanga, sukari na samli vikishashikana, ni kusonga bila ya kupumzika, na ukipumzika inaungua chini. Bwana Nassor alikuwa na mabega ya kazi hiyo, na sauti yake, na ubishi wake pia.

Siku ya mkasa, samli ilikuwa imemwagika sakafuni. Aliteleza, akanyoosha mkono ili ashike ukingo, mkono wa kulia ukaingia sufuriani mpaka kwenye kifundo cha mkono. Maji ya moto yakikumwagikia huteleza yakaenda zake. Haluwa haiendi. Inashika ngozi na inaendelea kuipika.

Aliletwa na mkewe, Bi Shemsa, mwanamke mfupi mwenye buibui lililojaa wanga. Mkono ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa.

"Nini hii?" nikauliza.

"Dawa ya meno, Sista. Jirani kasema inapoza."

"Inapoza kinywa, Bi Shemsa. Huku inafunika joto libaki ndani."

Nikamvuta Bwana Nassor mpaka kwenye mfereji, nikafungua bomba, nikayaacha maji yapite juu ya mkono, maji ya kawaida, si barafu, kwa muda mrefu hata yeye mwenyewe akachoka kusimama. Shikeni hilo, wanangu. Maji yanayopita ndiyo dawa ya kwanza ya moto, na barafu nayo inaumiza ngozi kwa njia yake. Aliposafika nikaona: mgongo wa mkono ndio ulioungua zaidi, malengelenge na sehemu nyengine nyeupe zisizosikia hata ukizigusa. Kiganja kilisalimika kwa sehemu kubwa. Na kidoleni mlikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la akiki.

"Hii tuitoe," nikasema. Ikagoma. Nikafuata kisu kidogo chenye meno, cha kukatia pete.

Bwana Nassor akaurudisha mkono kifuani. "Pete ya marehemu baba. Haikatwi."

"Usiku huu kidole chako kitavimba kama ndizi mzuzu. Pete itakibana, damu isifike."

"Mbona sasa hakijavimba?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua. Nikamjibu kama nilivyofundishwa na Bi Mosi, kuwa mwili ndiyo kwanza umepata habari. Chini ya ngozi kuna chembe ambazo siku zote zimekaa kimya na vifuko vyao vimejaa. Pakiungua, au pakikatika, vifuko hupasuka na kilichomo kinamwagika. Mishipa midogo ya damu inapanuka, ndipo pakawa pekundu na pa moto. Kuta za mishipa hiyo zinalegea, maji ya damu yanapenya kwenye nyama, ndiyo uvimbe. Vilivyomwagika vinaichokoza mishipa ya fahamu, na huo uvimbe unaibana, ndiyo maumivu. Na yote hayo yana sababu. Mlango umefunguliwa ili chembe nyeupe zitoke ndani ya damu zifike mahali penye shida. Bila ya mwako, hakuna anayekuja.

Alinisikiliza, lakini mkono bado uko kifuani. Bi Shemsa ndiye aliyelimaliza.

"Nassor," akasema kwa upole, "baba yako alikuachia pete, au alikuachia kazi ya mkono?"

Akageuza uso ukutani, akanipa mkono. Nikakata.

Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hata vifundo vya vidole havionekani. Akaniomba sindano ya kuondoa uvimbe, na wengi watakuombeni hivyo hivyo. Daktari wetu, kijana mtaratibu, alimpa dawa ya maumivu, kwa sababu mtu mwenye maumivu makali halali, hali, na hauchezeshi mkono wake. Uvimbe wenyewe tuliusaidia upite njia: mkono juu ya mito, juu kuliko moyo, na vidole avikunje na kuvikunjua kila akikumbuka. Huuzimi mwako wa siku za mwanzo kama unavyozima jiko. Unautazama usipite mpaka wake.

Na mpaka unautazamaje? Chukua kalamu, chora mstari pale wekundu unapoishia. Kesho rudi utazame. Wekundu ukiwa ndani ya mstari, mwili unafanya kazi yake. Ukivuka mstari, maumivu yakazidi badala ya kupungua, homa ikaja, harufu ikabadilika, basi vijidudu vimeshinda walinzi, mwite daktari usingoje. Bwana Nassor alikuwa akiwaonesha wageni mstari wake. "Mimi nshachorwa mpaka kama shamba la serikali," anasema, na chumba kizima kinacheka.

Wa kwanza kufika penye jeraha ni chembe nyeupe zenye pupa. Zinameza vijidudu na uchafu, halafu zinakufa pale pale. Ule ute wa manjano mnaouona juu ya kidonda, sehemu yake ni maiti zao. Baada yao wanafika wakubwa wao, walaji wa polepole, nao wanasafisha uwanja, wanawameza hata wale waliokufa. Lakini hawa wa pili wana kazi nyengine, nayo ndiyo iliyonifanya niipende kazi yangu. Wakimaliza kusafisha, hao hao ndio wanaotoa ishara ya kuwaita wajenzi. Mwako wa kweli hauzimwi na mtu. Unajizima wenyewe ukimaliza, na katika kuzimika kwake unafungua kazi ya kujenga.

Wajenzi wakija, kidonda kinabadilika rangi. Panatokea nyama changa, nyekundu, yenye vipunje vipunje kama komamanga lililopasuliwa. Kila kipunje kina mshipa mpya wa damu ndani yake. Ukiviona hivyo, furahi, na usiviguse ovyo.

Hapa lazima niseme juu ya mambo ya zamani. Nilipoanza kazi, sote tuliamini kuwa kidonda kizuri ni kidonda kikavu. Tulikuwa na dawa inayotoa povu. Ukiimwaga inachemka kama soda, na wagonjwa waliipenda sana. Mzee mmoja alikuwa akikataa kuondoka mpaka aone povu lake. Tulikuwa tukiweka shashi kavu, kesho tunaibandua, na inabanduka na vile vipunje vya komamanga, damu ikichuruzika, tukiamini ndiyo usafi. Baadaye mafunzo mapya yakaja, tukaambiwa kuwa dawa kali inaua vijidudu na wajenzi pamoja, na kuwa ngozi mpya hutambaa kutoka pembezoni, haiwezi kutambaa juu ya gaga kavu. Tukaanza kusafisha kwa maji safi ya chumvi na kufunika kwa kitambaa chenye mafuta kisichoganda. Bi Mosi alikuwa amebakisha muda mfupi astaafu. Nilidhani atakuwa wa kwanza kupinga. Alitazama kidonda kimoja kilichofungwa kwa njia mpya, mikono mgongoni, kisha akasema, "Lile povu limwageni." Basi.

Bwana Nassor naye alitaka kidonda kikauke. "Sista, acha nikipigishe jua. Hapa unanilowesha kama samaki katika mchuzi wa urojo."

"Urojo hauna samaki, Bwana Nassor."

"Ndiyo ujue hapana anayelowesha samaki hata huko!"

Akakubali hata hivyo, na komamanga likatokea. Ngozi mpya, ya waridi, ikaanza kutambaa kutoka kingoni. Kisha ikasimama.

Sikuliona siku moja. Kidonda kikisimama hakipigi kelele. Nilichoona ni kuwa kila akija, ukingo uko pale pale. Vile vipunje vyekundu vikafifia, vikawa na rangi ya nyama iliyochemshwa, na maji mengi yanatoka. Wekundu wa pembeni ukarudi, ingawa hapakuwa na homa wala harufu. Mwako haukuwa umevuka mpaka, lakini pia haukuwa unaondoka. Ulikaa tu kama mgeni aliyemaliza kula na haagi.

Nikakumbuka neno la Bi Mosi: kidonda kikikwama, mwache kidonda umtazame mwenye kidonda. Nikafunga mikono mgongoni nikamtazama Bwana Nassor. Amekonda shingo. Midomo mikavu. Chupa kubwa ya maji kaiweka mapajani, na hakuniacha nimalize kumfungua bendeji bila ya kuniomba aende msalani.

"Umewahi kupimwa sukari?"

"Mimi haluwa naipika," akajibu kwa ukali, "siili."

Bi Shemsa alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema taratibu, "Kuila, haili kweli. Anaonja."

"Shemsa!"

"Ndugu zake ndio wanaosonga sasa, Sista. Yeye kakaa kitini na kijiko. Iko tamu? Imeiva? Zafarani imekolea? Sufuria zima ni kuonja."

Tukampima kidole cha mkono mzima. Sukari ilikuwa juu, juu sana. Daktari akaja, akaeleza kwa utaratibu wake. Daktari alipotoka, Bwana Nassor alikaa akitazama ule mkono uliofunguliwa.

"Baba alikatwa mguu," akasema. "Ulianza kidoleni. Kidonda kidogo kama punje ya mtama. Nami nilipoanza kuamka usiku kunywa maji, nilijua. Nilijua kabla ya kuungua."

"Kwa nini hukusema?"

"Mpika haluwa mwenye sukari, Sista? Nani atanunua kwake? Watasema, tizama, hata yeye imemuua."

Bi Shemsa akavuta kiti akakaa mbele yake. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Nilimwoshea mama yako nguo za mzee wakati ule. Nilikuwepo. Ulidhani nami sioni chupa ya maji kitandani?" Halafu akasema, "Siku zote nikingoja uniambie."

Niliwaacha wenyewe, nikaenda kutafuta shashi ambazo zilikuwa mkononi mwangu.

Raya, na wenzako, hili ndilo nililotaka mlielewe. Sukari ikijaa katika damu, zile chembe nyeupe zinakuwa nzito na goigoi. Mishipa midogo inaharibika, hewa na chakula havifiki vizuri. Usafi hauishi, kwa hiyo ile ishara ya kuwaita wajenzi haitolewi ipasavyo, na mwako unabaki pale pale, unakula hata kile kilichojengwa. Ningeweza kubadilisha bendeji za kila namna duniani. Ubaya haukuwa katika bendeji.

Akaanza dawa. Kijiko cha kuonjea akakikabidhi, asionje tena. Bi Shemsa akambadilishia chakula, na malalamiko yake tuliyasikia sote, muhogo huu, maharage haya. Lakini polepole kidonda kikarudisha rangi ya komamanga, na ukingo ukaanza tena kutambaa. Kidonda kilipoziba kabisa Bwana Nassor aliubusu mkono wake mbele yetu, akaleta haluwa kwa chumba kizima, akaaga. Nilimwambia bado hajamaliza, aende kwa Bwana Vuai, fundi wetu wa mazoezi ya viungo. Akasema, "Inshallah." Mnaijua inshallah ya mtu aliyeshika mlango.

Hakwenda. Nilikuja kujua kwa Bi Shemsa, aliyekuja siku moja peke yake.

"Sista, mume wangu haendi tena penye walima," akasema. "Kaalikwa harusi ya mtoto wa ndugu yake, kasema anaumwa. Hawezi kukunja tonge. Vidole havifungi. Nyumbani anakula kwa kijiko, na akija mgeni hali kabisa."

Nyinyi ni watoto wa hapa hapa, sina haja ya kukuelezeni maana ya mtu mzima kukaa mbele ya sinia la pilau na mkono wa kulia haukusanyi wali. Nikamwambia amlete, hata kwa kumdanganya.

Alikuja kwa hasira. Kovu la mgongo wa mkono lilikuwa limeinuka, gumu, jekundu, limevuta vidole kwa nyuma. "Mlisema kimepona," akaniambia.

"Ngozi imefunga. Kupona bado."

Nikamweleza ambalo wengi hatuwaelezi wagonjwa, kwa sababu kidonda kikifunga nasi tunafunga mlango. Wajenzi wale hujenga kwa haraka ili kuziba tundu. Wanatandika nyuzi ngumu za nyama huku na huku, bila ya mpangilio, kisha wanazivuta pamoja kidonda kiwe kidogo. Kuvuta huko kunasaidia kufunga, lakini penye kiungo kunakunja au kunakunjua kiungo chenyewe. Halafu kwa muda mrefu, mwaka na zaidi, mwili unarudi kimyakimya chini ya kovu, unazifumua zile nyuzi za haraka na kuzitandika upya. Na unazitandika kwa kufuata jinsi mahali hapo panavyovutwa na kutumika. Mkono uliolala, kovu litajipanga kwa kulala. Mkono unaochezeshwa, litajipanga kwa kucheza.

"Kwa hiyo bado kuna nafasi?" akauliza Bi Shemsa.

"Ipo. Lakini itauma."

Iliuma. Bwana Vuai alimtengenezea kibao cha plasta cha kulala nacho, vidole vimekunjwa, na mchana akavikunja kwa mikono yake mwenyewe huku Bwana Nassor akitaja majina ya Mwenyezi Mungu kwa sauti ya kuomba msaada. Mafuta ya nazi, kusugua kovu, kukunja, tena. Alitaka kuacha mara nyingi. Bi Shemsa akamtafutia kazi ya nyumbani: kila alfajiri baada ya sala, akamwekea bakuli la unga wa mkate wa ufuta mbele yake.

"Mie nikande unga?" akasema Bwana Nassor aliponisimulia. "Nikamwambia, wanawake wa mtaa watanicheka. Akanambia, wanawake wa mtaa wamelala, wewe kanda."

Alikanda. Unga ni laini mwanzo, kisha unashupaa na kurudisha nguvu, nadhani hakuna chombo cha mazoezi kilicho bora kuliko huo. Kidole kidogo hakikurudi sawasawa mpaka leo. Vyengine vilirudi. Siku alipokunja ngumi mbele ya Bwana Vuai, alimtishia nayo, na Bwana Vuai akajifanya anakimbia.

Sikwenda dukani kwao mpaka baada ya kustaafu. Nilipita mwezi wa Shaabani, watu wananunua kwa ajili ya Ramadhani. Nilisikia sauti yake kabla sijafika. Alikuwa jikoni, ameshika mwiko kwa mikono miwili, anasonga. Lile kovu limekuwa jeupe, bapa, laini. Uso wake unatiririka jasho, mikono yote inameremeta, isipokuwa mgongo wa mkono wa kulia, ambao ulikuwa mkavu, maana ngozi ya kovu haina vinyweleo vya jasho. Mwili unaziba, haurudishi kila kitu.

"Karibu, Sista! Usinishikishe maneno, itaungua." Kisha akaita, "Shemsa!"

"Naam!"

"Njoo."

Bi Shemsa akatoka ndani akijifuta mikono, akanisalimu, akachota ncha ya kijiko sufuriani, akaipuliza, akaitia mdomoni. Alifumba macho. Bwana Nassor akamtazama bila ya kuacha kusonga, kama mwanafunzi anayengoja majibu. Bi Shemsa akaonja tena, kidogo.

"Bado," akasema.

Mumewe akaguna, akaushika mwiko vizuri, akaendelea.